Nyumba Iliyoupa Mlima Mgongo

Wanangu, habari zenu zimenifikia kabla nyinyi wenyewe hamjafika. Nasikia viwanja vinagawiwa tena huku bondeni, nyuma ya mji, na kwamba mnagombania vile vya karibu na korongo kwa sababu pale mchanga wa kujengea uko mlangoni. Nasikia pia mmoja wenu kasema, "Twendeni tukamuulize Fundi Eliakimu, yule siku hizi hana kazi." Kweli sina kazi. Mgongo umekataa. Mwiko wangu nimeutundika msumarini, na timazi yangu, ile kamba yenye uzito ya kunyooshea ukuta, mke wangu anafungia mlango wa banda la kuku. Lakini kijana kuja kwangu, kunywa chai, kuitikia "ndiyo mzee, ndiyo mzee", kisha kwenda kufanya alichokwisha kukiamua, kunanichosha kuliko kubeba karai la zege. Kwa hiyo nimeandika. Someni, halafu mjenge mnapotaka.

Kwanza mjue anayesema nanyi ni nani. Shule nilikaa miaka miwili, na mmoja katika hiyo nilikuwa nachunga mbuzi wa mwalimu. Hesabu zangu zote ziko kwenye kamba yenye mafundo. Lakini tokeni Lembeni mpaka hapa Same mkiuliza nyumba za Eliakimu, kisha mniletee habari ya ukuta mmoja tu uliopinda. Siku moja mpimaji mmoja, kijana mwenye suruali ya pasi, aliweka pima maji yake juu ya ukuta wangu, akaitazama, akaitikisa, akaiweka tena. Alidhani imeharibika. Hakuwahi kuona ukuta ulionyooka namna ile. Nilimwambia, "Bwana mdogo, chombo chako ni kizima. Wewe ndiye hujazoea."

Sasa bonde.

Nianze na mazuri, maana mazuri ndiyo niliyozoea kuwaambia watu. Upepo wa Same mnaujua. Kule tambarare karibu na reli unaanza asubuhi kama mtu anayekwenda kazini, na jioni ndipo unaporudi nyumbani. Nimeona bati likiondoka juu ya nyumba ya fundi mwingine, likavuka reli, likatua katikati ya ng'ombe wa Wamasai. Huku bondeni unausikia tu ukipita juu, kama mgeni wa jirani. Maji yako chini ya miguu: chimba kimo cha watu wawili, ndoo inarudi imejaa. Udongo wa tofali unaukanyaga hapo hapo. Na mji uko karibu. Mimi nilizaliwa Mhezi, kule mlimani, na nimeshika ncha ya machela kumteremsha mama mwenye uchungu kwenye njia ya utelezi, watu wanne, wawili tukilia. Mtu wa bondeni mkewe anatembea mwenyewe mpaka zahanati, akipumzika mara mbili.

Mabaya nayo yapo. Jua linachelewa kufika na linawahi kuondoka. Moshi wa jikoni haupandi, unakaa na nyinyi kama mkwe. Mbu, sina la kusema. Ukuta unanyonya chumvi kutoka ardhini, plasta inamenyuka kama ngozi ya mtu aliyeungua, na mwenye nyumba anamlaumu fundi. Jirani akigombana na mkewe ng'ambo ya korongo, wewe unajua kosa ni la nani kabla balozi wa nyumba kumi hajaitwa. Na kwa kuwa mko karibu na ofisi, chuma cha mkutano kikigongwa nyinyi ndio mnaoonekana kwamba hamkuja. Wa mlimani atasema hakusikia.

Kisha ndugu. Hili msilichukulie kama mzaha. Kila ndugu wa mlimani akishuka gulioni anapita kwa ndugu wa bondeni. Anaacha kapu lake, anakula makande yako, analala kwenye mkeka wako, asubuhi anakuuliza mbona unga ni mchache. Mke wangu Naetwe aliwahi kuhesabu vichwa kumi na moja sebuleni siku ya gulio, akaniambia, "Baba Anaeli, wewe hukujenga nyumba. Umejenga stesheni."

Hayo mtu anayazoea. Mimi nimeyazoea mpaka nimechakaa. Lakini iko hasara moja ambayo haizoeleki, na hiyo niliinyamazia mbele ya mtu aliyeniuliza ana kwa ana.

Mtu huyo ni Kasanda. Baadhi yenu mmemwona, yule Mnyamwezi mrefu mwenye makovu ya mkonge mikononi. Alikata mkonge miaka mingi kwenye mashamba ya huku chini, akilala kambini, chumba kimoja watu sita. Vijiji vya ujamaa vilipokuja, naye akaandikwa mwanakijiji kama sisi, akapewa haki ya kiwanja. Mtu aliyeishi kambini toka ujana, siku anaambiwa hapa ni pako, mnajua anafanya nini? Alipanda treni akaenda Tabora kumchukua mama yake. Bibi Nyamizi alikuwa na akili nzima na ulimi mkali, lakini miguu ilikuwa imekufa. Kasanda alimshusha stesheni akiwa amembeba mgongoni kama gunia la dhahabu.

Kamati ilimpa achague kati ya viwanja viwili. Kimoja juu kwenye mgongo wa kilima, mawe matupu, upepo, maji mbali. Kingine huku bondeni, katika mstari uliopigwa kamba na kamati kwenye ukingo wa korongo, nyumba baada ya nyumba, zimenyooka kama kwata. Mstari huo wote nilikuwa nimepewa mimi niujenge. Fundi wa kwanza wa kijiji! Jina langu liliandikwa kwenye daftari la kamati kabla ya la katibu.

Kasanda akanijia.

"Fundi, mimi huku mgeni. Nipimie. Pale juu na hapa bondeni, wapi nimweke mama?"

"Bondeni."

"Hasara zake?"

"Mbu."

"Mbu tu?"

"Na ndugu wa mkeo."

"Mke sina."

"Basi mbu tu."

Akacheka, akanipa mkono. Ndivyo nilivyompimia.

Na mimi nilikuwa nimeona. Siwezi kusema sikuona, maana kazi yangu ni macho. Siku ya kupiga kamba nilikuta nyasi kavu zimenasa kwenye matawi ya mgunga, juu kuliko kifua changu, zote zimelala upande mmoja. Nyasi haziruki. Zimepelekwa pale na maji. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni kichwani aliniona nazitazama, akasema, "Baba, hapa mlima ukikohoa pana njia." Nikamjibu, "Shangazi, hujaona msingi wangu." Kwa nini sikumwambia Kasanda? Kwa sababu ningemwambia yeye ningelazimika kuiambia kamati, na kamati ingehamisha mstari, na mstari ukihama huenda ungekwenda na fundi mwingine. Nasema wazi, mimi ni mzee wa kutosha sasa kulitamka hilo.

Hapo inabidi niwape habari ya mwalimu wangu, maana kosa langu lilikuwa na mguu mwingine.

Aliyenifundisha uashi ni Mzee Zefania wa Mhezi. Mtu mfupi, mkimya, anatafuna bua la muwa toka asubuhi mpaka jioni. Alinivunjisha ukuta wangu wa kwanza mara tatu. Mara ya kwanza kwa sababu ulipinda, ya pili kwa sababu ulipinda, ya tatu ulikuwa umenyooka, nikamuuliza, "Mzee, huu una kosa gani?" Akasema, "Hauna. Nataka nione kama ulijua ulichofanya." Nikaujenga tena, ukanyooka tena. Hapo ndipo aliponipa mwiko huu uliotundikwa.

Fundisho lake kubwa lilikuwa hili: nyumba ipe mlima mgongo. Kule juu unachimba ubavu wa mlima, unapata kitako cha kukaa nyumba, na ukuta wa nyuma unaegemea ule udongo uliokatwa. Baridi na ukungu vinapita juu ya paa. Madirisha madogo, ya ukubwa wa karai, ili joto la moto lisitoke. Mlango ni mmoja, mbele, unaotazama bondeni, umwone mgeni anapopanda. Ukimuuliza Zefania habari ya mlango wa nyuma, anakujibu, "Wa nani? Wa konokono?"

Nami nilipokuja huku chini nikajenga hivyo hivyo. Nilichimba ukingo wa korongo, nikazipa nyumba zote kilima mgongo, madirisha madogo, mlango mmoja. Watu walisifu. Nyumba ya Kasanda ndiyo niliyoipendelea zaidi, kwa sababu ya yule bibi. Msingi wa mawe, tofali za kuchoma, na saruji kidogo iliyobaki kwenye ghala la ushirika niliichanganya kwenye udongo wa kichuguu mpaka ikawa kama nta. Mlango niliufanya ufungukie nje, ili upepo ukiusukuma uzidi kuubana. Nilisema mbele ya watu, "Huu ukuta, tembo akija kujikuna ataondoka na ngozi imechubuka."

Siku ya kupaua Kasanda alizunguka nyumba yake mara mbili, akarudi.

"Fundi, nataka mlango wa nyuma."

"Wa nini?"

"Kwetu nyumba ina milango miwili. Mmoja wa wageni, mmoja wa nyumba kupumua."

"Nyuma pana udongo tupu, Kasanda. Utapumua udongo?"

"Basi pembeni, chumbani kwa mama. Awe anatolewa kuota jua."

"Mlango wa pili ni wa mwizi."

"Mwizi aje kuiba nini kwangu? Kibuyu?" Akawageukia wenzake, mikono kiunoni. "Jamani, Wapare nilisikia ni wabahili, sikujua wanabania mpaka mlango!"

Watu wakaangua kicheko. Bibi Nyamizi, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka kivulini, akasema, "Mwache, mwanangu. Fundi ana aibu ya kutoboa kitu kizuri." Alisema kweli. Ukuta ule ulikuwa mzuri mno machoni pangu, sikutaka kuukata. Nikacheka nao, nikaondoka, na mlango haukuwekwa.

Misimu miwili ikapita, maji hakuna. Korongo lilikuwa kavu, watoto wakicheza humo. Mimi mwenyewe nilishajenga kwangu katika mstari ule ule, juu kidogo, kwa mtindo ule ule. Naetwe aliwahi kuniuliza habari ya mlango wa nyuma. Nikamwambia akaulize Mhezi.

Kisha ikaja siku ile. Ilikuwa mchana, jua kali, anga la Same halina hata wingu la kufutia jasho. Mlimani lakini kulikuwa kweusi tangu juzi yake. Nyinyi watoto wa mjini hamtazami mlima. Mimi na Kasanda tulikuwa kwenye foleni ya sabuni nje ya duka la ushirika, tukitaniana. Mara tukasikia mngurumo.

Mtu mmoja akasema, "Treni hiyo."

Kasanda akasema, "Treni ya saa hizi?"

Tukatazamana. Sabuni tuliiacha, na nafasi zetu katika foleni, ambayo wakati ule si kitu mtu alikiacha hivi hivi.

Tulipofika ukingoni, korongo lilikuwa limejaa kitu ambacho sikukiita maji mara moja. Kilikuwa kahawia, kizito, kina magogo na mawe ndani, kinasukumana kama ng'ombe zizini. Majirani walikuwa wameshatoka na watoto wao. Waliokuwa na miguu walitoka. Maji yalipitia mbele ya nyumba ya Kasanda, yakarundika tope na matawi mlangoni mpaka usawa wa komeo. Mlango unaofungukia nje, wanangu. Tuliuvuta sisi wanaume watatu, hautikisiki. Na kule nyuma, pale ukuta unapoegemea ukingo nilioukata, maji yaliyoshuka kilimani yalikuwa yanamwagika ndani kwa kupitia chini ya paa, chumbani kwa mama. Dirishani hapapiti hata mbuzi.

Kasanda akaita, "Mama!"

Sauti ikajibu ndani, bila haraka, "Nipo kitandani. Kitanda ndicho kimeanza kutembea."

Nikachukua mtaimbo kwa jirani, nikaenda kwenye ukuta wa pembeni, pale pale alipouomba mlango. Nikapiga. Mtaimbo ukarudi mikononi mwangu. Nikapiga tena. Cheche. Nimejenga nyumba nyingi, lakini sijawahi kuuchukia mkono wangu kama siku ile. Kila tofali nililikumbuka nilivyolilaza. Kasanda naye na sururu, machozi na jasho, akinipigia kelele, "Ulisema tembo! Ulisema tembo, Fundi!" Ndani tukasikia kitu kikigonga ukuta, nadhani ni kitanda. Kisha sauti ya yule bibi, karibu kabisa na ukuta sasa:

"Fundi."

"Naam, mama."

"Hii nyumba umeijenga imara sana."

Sijui kama alikuwa akinitania. Sikuwahi kumuuliza. Nilipiga mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Tofali la kwanza likalegea, maji yakachuruzika, kisha la pili, kisha ukuta ukapumua na tope likatutokea sote usoni. Kasanda akaingiza mwili wake nusu, akamvuta mama yake kwa kwapa. Alitoka akiwa mweupe kwa baridi, kanga imepotea, nikamfunika kwa shati langu. Aliishi. Kifua kilimsumbua tangu siku ile mpaka alipofariki masika ya tatu, lakini aliishi, na ulimi wake ulibaki mzima.

Wiki ileile nilikwenda na tofali na karai kuziba lile tundu. Nilisema nitafanya bila ujira, nitalirudisha kama lilivyokuwa. Kasanda alikuwa akichota tope nje. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Liache, Fundi," akasema. "Ndio mlango niliokuomba."

Na mpaka leo ndio mlango wake. Kaweka fremu ya mbao za kreti, unafunguka unavyotaka. Bibi Nyamizi alikuwa akitolewa hapo kila asubuhi kuota jua, akiniona napita ananiita, "Fundi, njoo uone kazi yako." Nami nilikuwa nakwenda, naketi, nasema shikamoo mama, ananijibu marahaba, ananisimulia habari za Tabora. Hakuna siku aliyosema, "Ulijua." Sidhani kama alifahamu kwamba nilijua. Kasanda nilimwambia baadaye, habari ya zile nyasi kwenye mgunga. Akasema, "Ungesema, ningejenga juu kwenye upepo na ningekulaumu kila siku kwa sababu ya maji." Sijui kama hiyo ni huruma au ni utani wao. Nimechoka kulichambua.

Mzee Zefania alipopata habari alishuka, mzee yule, na bua lake mdomoni. Nikampeleka kuona. Nikamwambia, nikitafuta pa kujificha, "Mzee, nilifanya ulivyonifundisha. Nyumba ipe mlima mgongo."

Akautazama ukingo, korongo, mgunga. Akatema kapi la muwa.

"Mimi nilikufundishia Mhezi," akasema. "Nani alikwambia hapa ni Mhezi?"

Kwa hiyo mkiniuliza tena kama bondeni ni pazuri, nitawaambia ni pazuri. Mimi niko huku bado, na sitaondoka, mgongo huu haupandi kilima. Maji karibu, upepo unapita juu, na mji unaufikia kabla kipande cha sigara hakijaisha. Lakini kiwanja cha ukingoni mwa korongo msikichukue, hata kamba ya kamati ipite hapo, hata fundi awe hodari kama mimi, na hodari kama mimi hamtampata. Tazameni nyasi kwenye matawi. Waulizeni wanawake wa kuni. Na nyumba popote itakapokaa, iwe na macho upande wa mlima, maana huku shari haipandi kutoka chini kama mgeni. Inashuka jua likiwaka.

Kwangu niliufukua ule udongo, nikatoboa mlango wa nyuma mwezi ule ule. Naulizwa na kila fundi anayepita nani kaufanya ule, maana umekaa upande, fremu imepinda, unasugua chini ukifungwa. Nilikuwa na vidonda viganjani, mwiko ulikuwa hautulii. Naetwe anasema ndiyo kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya, na ni kweli, timazi ingeona haya. Ningeweza kuurekebisha. Mlima ukivaa kofia nyeusi, hata kama huku Same jua linapasua mawe, nauburuta mpaka ufunguke, naweka kiti changu hapo, natazama juu.

Mkija, zungukeni nyuma. Ndiko ninakokaa.